Mwiko wa Bibi Ozeline

Kila asubuhi kabla ya basi la shule kufika, Tavia Guillory alikunywa maziwa jikoni huku akiwatazama babu na bibi yake. Babu Alcide alivuta kiti, akakaa uso kwa uso na mkewe, akashika kopo la jemu mkono huu na la asali mkono ule.

"Kipi leo, mama?"

Kisha alingoja. Bibi Ozeline alikuwa na ugonjwa wa ubongo uliokuwa ukimla maneno kidogo kidogo. Yalibaki mawili tu, "ndiyo" na "hapana," nayo yalipishana: alitaka kusema hili, likatoka lile.

"Babu, si umpe tu asali? Tutachelewa," alisema Tavia.

"Atachelewa nani? Mimi nimestaafu," babu alijibu bila kumwondolea mkewe macho.

Bibi akagusa jemu.

Jumamosi ile ilikuwa sikukuu ya kanisa lao pale mjini Opelousas, na sikukuu bila gambo si sikukuu. Mchuzi huo mzito wa bamia, kuku na soseji huanza na unga unaokaangwa kwa mafuta na kukorogwa mfululizo mpaka uwe kahawia iliyokolea. Ukiungua, sufuria yote humwagwa. Tangu Tavia azaliwe, mkorogaji alikuwa bibi yake.

Walipofika jikoni mwa kanisa, babu alitoka kushusha mchele garini, na Bi Verlie, msimamizi wa jikoni hilo, alimwinamia Bibi Ozeline.

"Dada, umechoka. Mwaka huu tukukorogee sisi, wewe ukae na wageni?"

"Ndiyo, ndiyo," alisema bibi.

Bi Verlie akamgeukia Tavia. "Amekubali, siyo?"

Tavia alijua kwamba ndiyo ya bibi si ya kuaminiwa. Lakini kodiani ilikuwa imeanza kulia uwanjani, na rafiki zake walikuwa wakimwita.

"Amekubali," alisema.

Mwiko ukachukuliwa. Bibi akaongozwa hadi kwenye kiti cha ukumbini. Hakukaa. Alirudi jikoni, wakamtoa. Aliporudi tena, machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Nani amemliza mke wangu?" Babu Alcide alisimama mlangoni, gunia begani.

"Shemeji, tulimuuliza! Mjukuu wako shahidi."

Tavia aliinamisha kichwa. "Nilisema amekubali, Babu. Sikungoja."

Babu alitua gunia. "Basi muulize sasa. Unajua tunavyofanya."

Tavia alishika mwiko mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akasogeza kiti. "Bibi, kukoroga, au kukaa?"

"Mafuta yanaungua huku!" alilia mpishi mmoja.

"Punguza moto, bwana!" alisema babu.

Mpishi akapunguza moto. Jibu lilimwasha Tavia ulimini, akauma midomo. Bibi alitazama kiti. Akatazama mwiko.

"Hapana," alisema, akaunyakua mwiko.

Watu wakaangua kicheko, na bibi mwenyewe akacheka kuliko wote. Alikoroga, babu akiwa ubavuni pake kuulinda mkono wake na moto. Unga ulipofikia rangi yake, alimpiga Bi Verlie kiwiko, akamwonyesha vitunguu: vitiwe sasa!

"Haya, dada, nimesikia! Maneno yamekwenda, ukali umebaki."

Mchana watu walipanga foleni mara ya pili wakitaka kuongezwa. Babu Alcide alipita kati ya meza, kifua mbele. "Mkono wa mke wangu huo," alimwambia kila mtu, hata ambao hawakuuliza.

Jioni, wakisugua sufuria, alimwambia Tavia: "Kumsaidia mtu aliyepotewa na maneno si kumsemea. Muwekee mambo mbele yake, funga mdomo, umpe nafasi achague. Leo umeweza, mbele ya watu wote, nami nakuonea fahari. Wengi hudhani aliyenyamaza hana la kusema. Bibi yako ana mengi, mjukuu wangu. Wenye haraka ni sisi."