Mstari Aliouongeza Mianda

Kila siku saa nane mchana, Mianda akitoka shuleni hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwanza kwa mzee waliyemwita tata Kabamba, mwenye kibanda cha kuchaji simu katika barabara ya mwisho ya mtaa wa Musonoi, ile inayopakana na kilima cha udongo uliotolewa mgodini. Wanaume wa mtaa walikutana hapo wakingoja simu zao zijae. Hapakuwa na kiti hata kimoja, ndiyo maana watu walipaita Bunge la Wima. Na kweli wabunge wake walisimama mpaka magoti yakawauma, wakibishana habari za dunia nzima kana kwamba dunia ilikuwa imeketi mahali ikingoja uamuzi wao.

Mianda alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa Kifaransa hakuna aliyemfikia darasani kwake. Habari za kwenye simu ya tata Kabamba zilikuja kwa Kifaransa, tena kwa herufi ndogo kama chawa, na wabunge wengi macho yalikuwa yamechoka au Kifaransa chao kiliishia kwenye salamu. Basi walimpa binti simu, naye akasoma mstari mmoja, akaugeuza Kiswahili, akasoma mwingine. Alipofungua kinywa, watu wazima walinyamaza. Kunyamazisha watu wazima si jambo dogo kwa mtoto, na Mianda alilipenda kupita kiasi.

Wiki ile kulikuwa na habari mbili motomoto. Ya kwanza ilisema kwamba chombo kinachozunguka angani kimeona mji mzima chini ya ziwa, katika nchi ya mbali. Mechack, dereva wa pikipiki ambaye hakuwahi kumaliza sentensi bila mzaha, alisema hilo si jipya, kwani bibi yake alimwambia kuna kijiji chini ya ziwa la Nzilo, na siku ya Pasaka jogoo wa kijiji hicho husikika akiwika. Tata Mukuna alikasirika. Huyu alikuwa karani mstaafu wa mgodi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na ubishi kwake ulikuwa kama chai ya asubuhi. Alitaka kujua jogoo aliyeko chini ya maji anapata wapi pumzi ya kuwikia. Mechack akajibu kwamba ni jogoo wa huku kwetu Katanga, amezoea shida. Mama Kapinga, mjane aliyeuza maandazi kando ya kibanda, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge.

Habari ya pili ilihusu sheria. Ilisemekana kwamba nchi fulani zinatunga sheria za kuruhusu serikali kusoma ujumbe wa watu kwenye intaneti na kusikiliza simu zao. Tata Mukuna aliapa kwamba sheria hiyo imekwisha kufika huku kwetu, ila haijatangazwa. Mechack akasema atakayepewa kazi ya kusikiliza simu yake ataomba uhamisho kabla ya jioni, maana atamsikia mama mkwe wake mwanzo hadi mwisho. Watu wakacheka tena. Mama Kapinga hakucheka. Mwanawe wa pekee, Guelord, alichimba madini ndani ya eneo la kampuni ya mgodi bila ruhusa, na kila jioni alimpigia mama yake kumwambia tu kwamba ametoka shimoni akiwa hai. Simu hiyo ndiyo iliyomlaza usingizi, na sasa alianza kujiuliza ni nani mwingine anayeisikia.

Jumanne ikaja habari ya tatu, na hii haikutoka mbali. Ilikuwa tangazo la kampuni lililotumwa katika kundi la mtaa kwenye simu. Mgodi ungepanuliwa, na barabara tatu za mwisho zingebomolewa. Kila mwenye nyumba alitakiwa kwenda kwenye hema lililo kando ya uwanja wa mpira akiwa na kitambulisho, apigwe picha, aandikishe namba yake ya simu na kuweka kidole gumba kwenye mashine. Atakayeandikishwa atapewa nyumba nyingine upande wa pili wa mji. Mwisho ni Jumamosi saa kumi, na ambaye jina lake halimo hatahesabiwa.

Mianda alisoma yote hayo vizuri, mstari kwa mstari. Wanaume walinyamaza, lakini safari hii ukimya wao haukuwa ule alioupenda. Walitazama chini. Mtu mmoja alianza kuondoka hata kabla simu yake haijajaa. Mianda alihisi Bunge linamponyoka, naye akaongeza mstari ambao haukuwa kwenye simu. Alisema, kwa sauti ileile ya kusoma, kwamba kwa kufuata sheria mpya, kila atakayeweka kidole atakuwa amekubali simu yake isikilizwe mchana na usiku.

Bunge lililipuka. Tata Mukuna aliinua mikono juu akisema aliwaambia, aliwaambia, nao wakamwona mzee aliyechanganyikiwa. Mechack akauliza kama kidole cha mguu kinasikika pia. Waliokuwa wanaondoka walirudi. Mianda alicheka pamoja nao, akajiambia kwamba kesho atawaeleza ni mzaha. Kesho ilipofika, walikuwa wanamsubiri wakimwita Redio Mianda, na hakupata nguvu.

Jioni hiyo ya Jumanne mama yake, mama Ernestine, alimuuliza nyumbani tangazo linasema nini hasa. Mianda alimwambia ukweli mtupu bila kuongeza neno. Alfajiri mama Ernestine alichukua kitambulisho chake, akapanga foleni, akaweka kidole, akarudi kupika. Mianda aliona, akaelewa vizuri alichokuwa anawafanyia wengine, na bado akafunga mdomo.

Alhamisi mama Kapinga alimwita pembeni. Alimfungia andazi moja kwenye karatasi, akamwuliza kwa sauti ya chini ili wanaume wasisikie.

"Mutoto wangu, ile mambo ya kusikiliza simu, uliisoma kweli mu telefone?"

Tata Mukuna na Mechack walikuwa hatua tatu tu kutoka hapo. Kama angesema hapana, wangesikia, na Redio Mianda ingezimwa siku hiyohiyo. Andazi lilikuwa bado la moto mkononi mwake.

"Ndiyo, mama. Iliandikwa."

Mama Kapinga akatikisa kichwa polepole. Alisema basi yeye haendi, heri akose nyumba kuliko amfunge mwanawe kwa kidole chake mwenyewe. Akarudi kwenye karai lake la mafuta. Mianda alitupa lile andazi njiani, kwa sababu halikumezeka.

Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita. Saa kumi ya Jumamosi baruti ililia mgodini kama kila siku, mabati yakatetemeka, na huko uwanjani wakafunga hema.

Jumatatu walikuja vijana wawili na ndoo ya rangi nyekundu. Waliandika namba kwenye milango ya nyumba zilizoorodheshwa. Kwa kina Mianda waliandika 41. Kwa mama Kapinga walipita kama vile hapakuwa na mlango. Kwa tata Mukuna walipita pia. Katika barabara ile, nyumba saba zilibaki bila namba, na zote saba wenyewe walikuwa wabunge wa Bunge la Wima au watu waliozoea kusikia habari zake. Mechack hakuhusika, kwani alikuwa mpangaji tu, na siku hiyo hakuwa na mzaha wowote.

Mianda alisimama mbele ya ile 41 iliyokuwa bado inachuruzika rangi. Aliingia ndani, akamkuta mama yake anachambua maharage, akamweleza kila kitu huku akilia mpaka kamasi zikimtoka. Mama Ernestine hakumpiga wala hakumfokea. Aliweka ungo chini, akavaa viatu, akasema, "Twende. Utasema pale uliposema."

Bunge lilikuwa limejaa siku ile, watu wamekasirika, kila mmoja akitoa hoja yake kuhusu zile namba. Mianda alisimama katikati. Wote wakanyamaza kama walivyozoea, wakidhani ameleta habari.

"Mi ndiyo niliongeza ule mustari," alisema. "Haukuwa mu telefone. Tangazo halikusema kitu juu ya kusikiliza. Mama Kapinga aliniuliza, nikamudanganya."

Mafuta ya maandazi yalichemka peke yake. Mama Kapinga alikaa kwenye ndoo aliyoigeuza juu chini, mikono imelala mapajani, akitazama ule mlango wake usio na namba. Tata Mukuna alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mutoto amekosa," alisema mwishowe. "Lakini mi niko muzee, nilikuwa karani myaka makumi tatu, na sikwenda kuuliza. Niliamini sababu nilipenda ikuwe kweli. Nilipenda kushinda mabishano."

Wakaenda kwenye ofisi ya kampuni wote wanane, wenye nyumba saba na Mianda, wakipanda pikipiki ya Mechack wawili wawili, naye aliwapeleka na kuwarudisha bila kudai chochote. Dada aliyekuwa nyuma ya kompyuta aliwasikiliza kwa adabu. Aliwaambia orodha ilifungwa Jumamosi saa kumi, imekwisha kutumwa, na yeye hana ufunguo wa kuifungua tena. Tata Mukuna alimwonyesha hati ya nyumba. Mama Kapinga alinyoosha kidole gumba chake, akauliza kama hakiwezi kupokelewa hata sasa. Yule dada alitazama pembeni. Aliwapa karatasi ya malalamiko, wakaijaza, ikapigwa muhuri, na wakaambiwa watajibiwa.

Juma baada ya juma Mianda aliandika barua nyingine kwa mkono wake, tata Mukuna akaitia sahihi, na Mechack akaipeleka. Aliwasomea wote saba kila neno kabla ya kuifunga, akiweka kidole chini ya kila mstari ili anayejua kusoma hata kidogo aone mwenyewe. Bungeni nako waliweka utaratibu mpya. Habari ikisomwa na Mianda, mtu mwingine hupokea simu na kuisoma tena, hata kama atachukua nusu saa. Walichelewa, waligugumiza, lakini hawakurudi kwenye ule mtindo wa kwanza. Barua zao hazikujibiwa.

Malori ya kuhamisha watu yalikuja mwanzoni mwa mvua. Kina Mianda walipakia vitanda, masufuria na mlango wao wenye 41, kwa maana mama Ernestine alikataa kuuacha. Kabla ya kupanda, Mianda alivuka barabara. Ukuta wa nyuma wa mama Kapinga ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono, kwani baruti sasa ililipuliwa karibu zaidi. Mianda alipiga magoti kwenye matope, akaomba msamaha kwa mara ambayo hata yeye hakuikumbuka ni ya ngapi.

Mama Kapinga alimwinua. Alisema amekwisha kumsamehe zamani, na hataki aendelee kuchafua nguo.

"Nyumba yangu hukuinyang'anya weye," alisema. "Ile shimo ndiyo inaikula, na ingeikula hata kama ungenyamaza. Lakini nilikuwa na siku ine za kupanga mustari kama mama yako, na zile siku ndizo ulininyang'anya. Muntu akikuuliza kama jambo ni kweli, ujue anataka kufanya kitu na jibu lako. Mupatie kweli, hata kama watu watakucheka."

"Ndiyo, mama."

"Na siku moja ile shimo wataiacha, na hapa patajaa maji. Batoto ba kesho batasoma mu telefone eti kuko muji chini ya maji ku Musonoi, batabishana, batacheka, batauliza kama jogoo anawika. Weye utakuwa unajua nani alikuwa anakaa pale. Uwaambie vile ilikuwa. Usiongeze kitu."

Simu ndogo ya mama Kapinga ililia. Alikuwa Guelord, ametoka shimoni. Mama yake alimwuliza kama amekula, akamsikiliza, akacheka kidogo, kisha akarudi ndani kukinga maji ya mvua yaliyoanza kuingia kwenye ufa.

Lori liliondoka. Mianda alikaa juu ya magodoro akaanza kuhesabu milango isiyo na namba, kutoka wa kwanza hadi wa saba, akitaja kwa sauti jina la mwenye nyumba kila alipoupita mlango. Alipomaliza, alianza tena, ili asikosee.