Alama za Vidole kwenye Tangi Jeusi

Jumamosi hiyo mchana mama alisukuma mlango wa bati wa banda lake la rangi, akasimama kidogo akishika kiuno, kisha akaingia. Nyuma yake alifuata binti yake wa darasa la sita, ndoo ya maji mkononi na mdogo wake mgongoni. Majirani walimwita binti huyo Mkaguzi, kwa sababu hakuna kitu kilichompita bila kukichungulia.

"Leo tumalize hili tangi, mwanangu," mama alisema. "Mwili wote umegoma, lakini mwenyewe anakuja kesho."

Tangi lilikuwa la dereva wa pikipiki, mtu mpole aliyebeba abiria tangu alfajiri. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho. Tangi lake liling'aa kama kioo, na jua la mchana likilipiga, mwanga ulimrudia usoni hadi machozi yakamtoka akiwa barabarani. Ndipo alipotaka rangi nyeusi isiyong'aa hata chembe. Fundi wa kwanza alimpakia harakaharaka. Petroli ilipodondoka wakati wa kujaza, rangi ikavimba na kubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Safari hii alitaka rangi ya kudumu, na bila tangi pikipiki yake ilikuwa imelala tu nyumbani.

Mama hakuruka hatua. Alimwaga petroli yote, akaliacha tangi wazi mpaka harufu ikaisha. Alisugua rangi ya zamani kwa msasa hadi chuma kikaonekana. Akalifuta kwa thina, ile dawa ya kuondoa mafuta, akapaka rangi ya chini inayoshika chuma, akaisugua tena kwa msasa laini na maji. Asubuhi hiyo alikuwa amepuliza rangi nyeusi, akalitundika tangi uani kwa waya ili likauke.

"Si limeshakuwa jeusi, mama? Kwa nini tusimpe tu?" Mkaguzi aliuliza.

"Jeusi ni jeusi, ila halina ngao. Bado vanishi ya mwisho, ile isiyong'aa ninayoichanganya na dawa ya kuikaza. Hiyo ndiyo itakayoizuia petroli." Mama akamgeukia. "Na unisikilize vizuri. Rangi ya kung'aa ukiikosea, unaisugua, unaipaka polishi, mambo yanakwisha. Hii haina msamaha. Ukiisugua mahali pamoja, pale pale patang'aa, paonekane kama kiraka kwenye suruali ya bwana harusi. Ukikosea unaanza upya. Kwa hiyo mkono mtupu haugusi tangi. Ikibidi kulishika, kitambaa safi kile pale msumarini."

"Nimesikia, mama."

Mama akaketi kwenye kigoda, akaegemea ukuta. "Nipumzike kidogo tu," alisema, na kabla hajamaliza alikuwa ameshalala, mdomo wazi, kipande cha msasa bado mkononi. Mkaguzi alimtazama kwa huruma. Alijua kwamba mama aliamka giza bado nene kuwafulia sare za shule. Akamtoa ule msasa vidoleni taratibu, kisha akatoka nje akampakata mdogo wake. Alimpaka mafuta ya nywele, akaanza kumsuka.

"Unaniumiza," mdogo wake alilalamika.

"Tulia basi. Kichwa chenyewe kigumu kama nazi."

"Nazi ni wewe!"

Walikuwa bado wanabishana upepo ulipovuma ghafla. Vumbi jekundu likainuka barabarani na kuja moja kwa moja uani.

"Tangi la mama!" Mkaguzi aliruka, akamwacha mdogo wake na msuko nusu. Hakuwaza kitambaa. Alilidaka tangi, mkono mmoja kwenye ukingo wa chini na mwingine ubavuni, akalikimbiza ndani, akalitundika kwenye ndoano ya darini. Upepo ukaubamiza mlango, vumbi likapita. Akajiona shujaa.

Kishindo cha mlango kikamwamsha mama. "Nani kaingiza tangi?"

"Mimi. Vumbi lilikuwa linakuja."

Uso wa mama ulilainika. "Ahsante, mwanangu. Umeniokoa kweli kweli. Ulilishika kwa kitambaa?"

Kitambaa kilikuwa bado kinaning'inia msumarini. Lakini shukrani ile ilikuwa tamu mno, na Mkaguzi hakutaka kuiona ikiondoka usoni mwa mama.

"Ndiyo, mama." Neno lilimtoka kabla hajalifikiria.

Mama hakuuliza tena. Alivuta mpira wa upepo uliopita kwenye tundu la ukuta. Upande wa pili alikaa jirani yao, fundi wa kuziba pancha, mwenye mashine ya upepo ya kujazia matairi. Kila mama alipohitaji kupuliza rangi, fundi huyo alimpitishia mpira bila hata kuombwa mara ya pili. Na mama alipolazwa kwa malaria, ndiye aliyekuwa akifagia mbele ya banda lao, ili wateja wasidhani limefungwa kabisa.

"Tokeni nje, wanangu. Hewa hii si ya mapafu yenu," mama alisema, akavaa barakoa.

Wakasikia kipulizio kikivuma, kikanyamaza, kikavuma tena. Kisha kimya. Kisha sauti ya mama, nzito kama ya mtu aliyeshusha mzigo akauona umepasuka.

"Mungu wangu."

Mkaguzi alichungulia mlangoni. Ubavu mmoja wa tangi ulikuwa mzuri, mweusi mtulivu kama kitambaa cha kaniki. Lakini ubavu wa pili ulijaa vitundu vidogovidogo. Vanishi ilikuwa imekimbia pale, kama maji yanavyokimbia kwenye sufuria yenye mafuta.

"Mafuta!" Mama alivua barakoa kwa hasira. "Mashine ya huyu bwana inatema mafuta kwenye upepo! Nimechoka mimi. Nimechoka!"

Akatoka, akazunguka ukuta. Fundi pancha alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu, na wateja wawili wakimsubiri.

"Kaka, umeniharibia kazi! Mashine yako inavuja mafuta, nawe hukunieleza."

Fundi akainuka, mikono michafu hewani. "Dada, mashine nimeisafisha jana. Chujio nimeweka jipya."

"Basi hayo mafuta yameshuka kutoka mbinguni?"

Wale wateja wakacheka. Fundi akafuta mikono, akaanza kuufungua mpira wa upepo taratibu, skrubu baada ya skrubu. "Kama upepo wangu unakuletea hasara, dada, afadhali usiutumie," alisema kwa upole uliouma kuliko matusi.

Mkaguzi alikuwa ameingia ndani, amesimama mbele ya tangi. Aliviangalia vile vitundu kama ilivyokuwa tabia yake, kwa makini. Havikutawanyika ovyo. Vilijipanga mistari minne, na wa tano pembeni, mfupi na mnene. Akainua kiganja chake, akakilinganisha kwa mbali. Akakinusa. Mafuta ya nywele.

Akisema, mama ataanza tangi upya, na kiuno chake kile kinachomuuma. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini alisikia ule mpira ukivutwa kutoka kwenye tundu la ukuta, ukikwaruza, na hakuweza kuvumilia. Alitoka mbio.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Siyo mashine. Nilikuwa nampaka mtoto mafuta ya nywele. Nikalishika tangi kwa mikono. Kitambaa sikukitumia." Machozi yakaanza. "Nilikudanganya."

Wateja waliacha kucheka. Mama akakaa juu ya tairi kuukuu kama mzigo uliokatwa kamba.

"Nimechoka hata kukugombeza," alisema.

Kisha akajiinua, akapiga hatua hadi mbele ya fundi pancha, mbele ya wale wale wateja.

"Kaka, nimekuvunjia heshima mbele za watu, na mbele ya hao hao nakuomba radhi. Mashine yako ni nzima. Ulimi wangu ndio uliovuja."

Fundi alikuna kichwa, akasahau kwamba mkono wake una grisi. "Yameisha, dada. Hata mimi ningeishuku. Mashine yenyewe inakohoa kama babu yangu." Akaanza kuufunga mpira upya. "Na wewe Mkaguzi, njoo unishikie hii bisibisi. Au una mafuta bado?"

Wote wakacheka, hata Mkaguzi, katikati ya kwikwi.

Kesho yake mama alimweleza dereva ukweli wote. Dereva akashusha pumzi ndefu, akaipapasa kofia yake. "Basi nitaendelea kwenda kwa miguu," alisema. "Ile ya kwanza nilipewa haraka, na mliiona ilivyokuwa."

Kazi ikaanza upya. Kila alipotoka shule, Mkaguzi alinawa kwa sabuni hadi viwiko, akaketi mbele ya tangi na msasa wa maji. Mabega yalimuuma, vidole vikakunjamana. Mama alisugua ubavu mmoja na yeye ubavu mwingine, bila maneno mengi, na mara kwa mara mama alimsogezea maji safi bila kuombwa. Mama akapuliza nyeusi, akapuliza vanishi, na safari hii rangi ikatulia yote kama usiku usio na mwezi. Wakaliacha siku kadhaa likakauka mpaka ndani.

Dereva alipokuja, mama alidondosha petroli karibu na mfuniko, akaifuta kwa kitambaa laini. Haikuacha alama. "Usilipake polishi wala usilisugue kwa nguvu," alimwonya. "Maji na sabuni kidogo, basi." Dereva akalifunga tangi kwenye pikipiki aliyoikokota kutoka nyumbani, akaisogeza hadi penye jua kali, akaketi. Akainamisha uso, akalifumbua vizuri lile jicho lake.

"Halinichomi," alisema polepole. Akarudia tena, kana kwamba hakuamini, "Halinichomi, mama!" Akaondoka akipiga honi.

Mama na binti yake wakabaki mlangoni, wamechoka wote wawili. Mama akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu.

"Kulishika tangi hakukuwa kosa kubwa," alisema. "Ulitaka kunisaidia, na mikono inasahau. Ile 'ndiyo' yako ndiyo iliyotuponza. Ungeniambia pale pale, ningelifuta tangi kabla ya vanishi, tungelala mapema. Rangi iliyoharibika nimeitengeneza kwa msasa. Lakini yule jirani angeondoka na moyo wake umeumia, msasa wa kumlainisha ningeutoa wapi? Ukikosea, mwanangu, sema mapema, hata kama aliye mbele yako amechoka. Hasa kama amechoka."

"Nimekuelewa, mama."

"Haya. Sasa funga mlango, twende tukalale, hata kama jua bado lipo."