Bwana Harusi wa Kibao cha Tano

Saa moja asubuhi Mratibu alifika kituo cha tano akakuta nguzo imesimama peke yake. Kibao hakipo.

"Mungu wangu!" alisema, kisha akasema tena kwa sauti iliyomtoa kinyozi dukani na wembe mkononi.

Tuelewane mapema: haikuwa almasi iliyopotea. Kilikuwa kibao cha bati nene, upana wa meza ndogo ya chai, chenye maelezo na picha moja ya zamani. Lakini mwanamke huyu alikuwa amekula miaka miwili akikusanya picha kwenye makabati ya watu, akibishana na wenye nyumba kuhusu nani alijenga nini, akisimamisha vibao vya karatasi kwenye kila kona ili aone kama msomaji atapigwa na jua usoni. Vilikuwa vibao vinane, vituo vinane vya matembezi ya mtaa wa zamani, na uzinduzi ulikuwa kesho saa tatu. Kila kibao kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa kisionekane kabla ya siku yake.

Mwenyekiti wa kamati alipopigiwa simu hakufoka. Afadhali angefoka.

"Kama kibao hakiwezi kulala barabarani hata usiku mmoja, tusijidanganye," alisema. "Kisipopatikana leo kufikia saa kumi, nguzo zote zinang'olewa na matembezi yamekufa."

Mratibu aliketi kwenye ukingo wa barabara, miwani imemteleza hadi ncha ya pua, akalia bila kujificha.

Inspekta wa polisi aliyetumwa alifika kwa miguu, mwavuli kwapani. Kwenye kituo cha polisi walimwita Mama Taratibu, na yeye jina lilimkaa vizuri tu. Hakuwahi kukimbia, na waliowahi kumkimbia walikutana naye mbele ya safari.

"Pole, mdogo wangu," alimwambia Mratibu. "Futa machozi. Kwanza nionyeshe kilichobaki. Kilichopotea tutakiongelea baadaye."

Kilichobaki kilikuwa hiki. Nguzo haina mkwaruzo hata mmoja. Skrubu nne zimepangwa kwenye kizingiti cha dirisha la kinyozi, hakuna iliyopotea. Kile kitambaa cha kufunikia kimekunjwa mara nne, pembe kwa pembe, kikalazwa chini ya nguzo. Na pale juu, ambapo vyuma vya kushikia kibao vilibaki wazi na ncha kali, mtu alikuwa amevizungushia utepe wa kitambaa cheupe akaufunga fundo zuri, mpita njia asije akakatwa shavu.

Inspekta aliufungua ule utepe, akaushika kwenye mwanga, akaugeuza huku na huku.

"Ee, makubwa haya! Mwizi mwenye adabu kuliko mkwe," alisema. "Skrubu hizi zinafunguliwa na nini?"

"Bisibisi ya ncha ya nyota. Yangu iko mkobani. Nyingine anayo fundi wa vyuma aliyefunga vibao."

Fundi wa vyuma alikuja na pikipiki, amenuna tayari. Alijua watu wanafikiria nini: bati nene huuzwa chakavu, na yeye ndiye mwenye vifaa.

"Afande, mimi nivifunge mwenyewe halafu nivifungue mwenyewe? Kesho nani atanipa kazi?"

"Jana usiku bisibisi yako ilikuwa wapi?"

"Kwenye mfuko wangu. Na mfuko niliuacha pale kwa fundi cherehani." Alielekeza duka la ng'ambo ya kichochoro. "Mtaa mzima tunaacha vitu pale. Kinyozi analaza viti vyake mle na ufunguo wa ziada anao. Mimi nililala kwa mama mkwe, nyumba imejaa wageni. Waulize."

Inspekta aliwauliza kwa simu. Mama mkwe alithibitisha, akaongeza kwamba mkwe wake alikoroma watoto wakashindwa kulala. Basi fundi wa vyuma akatoka kwenye hesabu, uso umemshuka kwa sababu nyingine.

Akabaki kinyozi. Duka lake lilikuwa katika jengo lenyewe la kituo cha tano, ambalo zamani lilikuwa studio ya picha. Na kinyozi huyu alikuwa ameshatangaza mtaani kote kwamba hakitaki kile kibao.

"Sikitaki, ndiyo!" alisema, mikono kiunoni. "Watu ishirini wanasimama mlangoni kwangu, wanasoma, halafu wanamchungulia mteja ana povu hadi masikioni. Nani atarudi kunyolewa kwenye maonyesho? Lakini kutokitaka ndiyo kukiiba?"

"Hiki kitambaa ni chako?" Inspekta alimwonyesha utepe.

Kinyozi alitazama utepe, akatazama shuka jeupe alilomfunga mteja shingoni. Kitambaa kilekile, mstari wa bluu uleule pembeni.

"Kinafanana," alisema polepole.

Mratibu alisimama. "Kumbe ni wewe! Na chai yangu unakunywa kila siku!"

"Tulia," Inspekta alisema. Alichukua shuka moja kutoka kwenye kigingi, akalikung'uta. Vinywele vikamwagika sakafuni. Akachukua la pili, lililotoka kufuliwa, akapitisha kidole kwenye upindo wake, vinywele vingine. "Kitambaa kikiingia duka hili hakitoki bila nywele. Huu utepe hauna hata unywele mmoja. Haujawahi kukaa humu. Mashuka yako alishona nani?"

"Fundi cherehani. Mwezi huu huu."

"Na vile vitambaa vya kufunikia vibao?"

"Yeye huyohuyo," Mratibu alijibu. "Jana jioni alivivalisha mwenyewe, kimoja kimoja, ahakikishe vinakaa sawa."

Fundi cherehani alikuwa mzee mrefu, mkanda wa kupimia umening'inia shingoni, mtu ambaye nusu ya wanaume wa mji ule waliooa ndani ya suti zake. Aliwakaribisha kwa heshima, ila macho yake yalikuwa mekundu. Pembeni alikaa dada ya mkewe, bibi mwembamba aliyekuwa akishonea vifungo. Unyusi wake wa kushoto ulikuwa umepanda juu ya mwenzake, siku zote, hata akikusalimia ungedhani anakutilia shaka.

"Karibu, afande," bibi alisema. "Umekuja kumkamata shemeji? Mchukue. Tangu asubuhi hajanichokoza hata mara moja, nadhani anaumwa."

"Naumwa kichwa tu, shemeji," mzee alisema.

Inspekta alipewa chai. Joto lilikuwa limeanza kupanda, lakini meza ya kukatia ilikuwa imetandikwa blanketi zito. Alipoweka kikombe chake juu yake, kikalia kwa chini: ngaa. Inspekta akakiinua, akakiweka tena taratibu. Alikunywa chai yote, akashukuru, akaondoka.

"Mbona hujamuuliza lolote?" Mratibu alinong'ona nje. Saa zilikuwa zinakwenda.

"Najua kiko wapi. Sijui kwa nini, na nikimvaa sasa hivi mzee wa watu atanyamaza hadi kesho. Hebu nionyeshe ile picha."

Ofisini, Mratibu alifungua kompyuta. Picha ya kibao cha tano ilionyesha bibi harusi kijana ndani ya gauni jeupe, anacheka kwa meno yote, na bwana harusi aliyeshikana naye mkono. Bwana harusi alikuwa amevaa kofia iliyoshuka upande mmoja na suti kubwa, mikono imefunikwa hadi kwenye vidole. Chini yake Mratibu alikuwa ameandika: Harusi ya kwanza kupigwa picha katika studio hii.

"Unawajua hawa?"

"Hapana. Mpiga picha hakuandika majina. Lakini harusi inaonekana wazi."

"Una picha nyingine za studio hiyo?"

Zilikuwepo nyingi. Inspekta alizipitia bila haraka, Mratibu akiuma kucha. Kisha akaomba tatu ziwekwe kando ya ile ya kwanza. Katika moja, kijana mnene, nyingine, askari wa viatu vya jeshi, nyingine, mzee wa ndevu. Wote wana suti, na kwenye suti zote, pamoja na ya bwana harusi, kifungo cha pili hakipo.

Mratibu alisogeza uso hadi miwani ikagusa kioo. "Ni suti moja!"

"Na gauni tazama, lile doa begani tumeliona kwenye picha nyingine mbili. Ni la studio. Mtu anaingia na nguo za shambani, anaazimwa suti, anapigwa picha, anairudisha. Wewe umesoma picha ukaona harusi. Na mtu mwingine ameisoma hivyohivyo, ikamuumiza."

Mratibu alijishika kichwa. Kwa miaka miwili alikuwa amezitazama zile picha, kila siku akitazama nyuso na milango, hakuna siku aliyotazama vifungo.

Saa nane walirudi dukani. Inspekta alimwita kinyozi pia, amwombe kofia yake. Mke wa fundi cherehani alikuwa amefika na chakula cha mchana, mama mnene mchangamfu, anawapakulia watu wasiomwomba. Mratibu alimtazama meno alipocheka, akamtambua: ndiye bibi harusi wa pichani.

Inspekta aliondoa vyombo mezani kimoja kimoja, akakunja blanketi. Kibao cha tano kilikuwa pale chini, kimelazwa kifudifudi.

"Sikuiba," fundi cherehani alisema haraka. "Nilikiweka pembeni. Ningelipa bati."

"Skrubu umezipanga, kitambaa umekikunja kifundi, vyuma umevifunga utepe uliobaki kwenye mashuka ya kinyozi," Inspekta alisema. "Mfuko wa bisibisi ulikuwa humu ndani. Jana jioni, wakati wa kuvalisha vitambaa, wewe ndiye uliyekutana na picha. Yaliyobaki yaseme mwenyewe, mzee."

Mzee alishika mkanda wake wa kupimia kwa mikono miwili. Hakumtazama mkewe.

"Nimeshona suti za harusi maisha yangu yote," alisema. "Zote za watu. Sisi tulipooana studio ilishafungwa, hatuna picha hata moja. Nilisema haidhuru. Jana nainua kitambaa, namwona mke wangu kijana, kavaa gauni, anacheka hivyo, na bwana mwingine. Kwenye kibao! Kesho wajukuu waje wasome kwamba bibi yao aliolewa kwanza na mtu hatujawahi kusimuliwa? Nimeumia, sikatai. Na sikutaka yeye aaibike."

Mkewe alikigeuza kibao, akakitazama, akafungua mdomo. Inspekta aliinua mkono kumzuia, akampa dada mtu kofia ya kinyozi.

"Bibi, nisaidie. Ivae kidogo upande."

Bibi aliivaa. Kofia ikafunika unyusi wa kulia. Ule wa kushoto ukabaki pale ulipo siku zote, umepanda juu, unatilia shaka dunia nzima. Kwenye kibao, chini ya ukingo wa kofia, unyusi uleule ulikuwa ukimtazama fundi cherehani.

Mzee alitazama kibao. Akamtazama shemeji yake. Akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Shemeji?"

"Sasa ulitaka nani?" bibi alisema. "Gauni lilikuwa moja na mdogo wangu aliliwahi. Mimi nikabaki na suti. Mama alipoiona nakala yetu aliichana palepale, akatucharaza wote wawili."

Mkewe alicheka hadi akashika meza. Kinyozi alikuwa ameinama, mbavu zimemwisha. Kisha mama yule akajifuta macho, akamsukuma mumewe begani.

"Ndiyo maana jana umelala umenipa mgongo! Mtu mzima, unamwonea wivu dada yangu! Si ungeniuliza?"

"Niliogopa jibu," mzee alisema, na safari hii alimtazama.

Mwenyekiti aliambiwa saa tisa kwamba kibao kimepatikana. Aliuliza mwizi ni nani. Inspekta akajibu kwamba kulikuwa na hitilafu kwenye maelezo na raia mmoja aliwahi kukishusha kabla aibu haijaifika kamati. Mwenyekiti akashukuru sana. Mratibu hakutaka kumshtaki mtu. Alikaa akaandika upya maelezo, yakachapishwa kwenye karatasi ya gundi, yakabandikwa juu ya yale ya zamani: Suti moja na gauni moja, kwa yeyote aliyetaka kuonekana nadhifu. Hapa, dada wawili.

Kesho yake saa tatu wageni walitembea kituo kwa kituo. Kinyozi alifunga pazia mlangoni, akafurahi nalo. Kwenye kituo cha tano fundi cherehani alikuwa anangoja, ndani ya suti aliyojishonea mwenyewe zamani akaihifadhi bila sababu. Mkewe alikuwa kando yake na maua, na Mratibu ameshika kamera. Dada mtu alikuwa amejisimamisha katikati yao, unyusi juu, hadi aliporidhika kwamba watu wote wanatazama.

Kisha akavua kofia ya kinyozi, akamvalisha mzee.

"Haya, shemeji, shika nafasi yako," alisema, akitoka pembeni. "Mimi nilikushikia tu."