Wazo la Saba

Jumamosi asubuhi bwawa la mtaa wetu hapa Reykjavik hujaa kupita kiasi. Kidimbwi cha maji moto kilichojengwa kwa watu wanane huingiwa na kumi na watatu, na kila mmoja anaona wengine ndio waliozidi. Humo ndimo Kolbeinn, dereva wa basi mwenye miaka arobaini na minne, alimomkanyaga Salvör.

"Mguu wangu huo, bwana."

"Samahani. Nilidhani ngazi."

"Ngazi ina kucha?"

Watu wakacheka. Kolbeinn alikuwa na kofia ya sufu ya manjano kichwani na bukta iliyopauka kwa miaka mingi ya maji. Salvör alivaa vazi jeusi la kuogelea lililolegea mabegani, nywele kazifunga juu kwa penseli. Uso wake ulikuwa mzuri na umechoka, na Kolbeinn aliupenda kwa yote mawili.

"Penseli ya nini majini? Mwandishi?"

"Mwalimu. Nikisahihisha madaftari sitini, hata jina langu sina hamu ya kuliandika."

"Lakini kitabu tumboni unacho."

"Nani hana, mji huu? Changu kina miaka kumi na mmoja. Mkunga kashakata tamaa."

Kolbeinn alicheka hadi kofia ikalowa. Yeye alikuwa amechapisha riwaya mbili, zikanunuliwa na ndugu zake, na nduguze si wengi.

Wakawa wanakutana kila Jumamosi. Wakabuni mchezo: mmoja anatoa wazo la kitabu, mwenzake anauliza, "Kisa au kweli?"

"Mlinzi wa makaburi anayeogopa maua."

"Kisa au kweli?"

"Kisa. Haya, zamu yako, mwalimu."

"Historia ya soksi za watoto zinazobaki shuleni kila mwaka. Kweli tupu. Ninazo gunia zima."

"Hiyo nitainunua!"

"Utainunua na nani?"

Karatasi haikai majini, kwa hiyo hawakuandika chochote. Wakawekeana na sheria, tena kwa kucheka: wazo likishasemwa kidimbwini halina mwenyewe, anayelitaka alichukue. Baadaye walikula soseji kwa vitunguu vya kukaanga pale nje, mvuke ukiwatoka vichwani. Walipendana kama wanavyopendana watu wazima waliochoka. Filamu ikianza wote wawili walisinzia kochini, na hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Jumamosi moja ya Septemba Salvör alisema bila kumtazama, "Bibi yangu aliandika hali ya hewa kila siku kwa miaka arobaini na mmoja, kule shambani kaskazini. Upepo, mawingu, nyuzi za joto. Siku aliyokufa mtoto wake wa miaka sita, aliandika: upepo wa kaskazini, theluji nyepesi, kumetulia jioni. Basi. Madaftari yote yale hayana jina la mtu hata mmoja."

Kolbeinn akamgeukia. "Kisa au kweli?"

Kabla Salvör hajajibu, mzee mmoja akaingia akiomba nafasi, wakasogea.

Basi mwisho wa mwezi ule ndio uliokuwa mwisho wa kuomba posho ambayo serikali huwapa waandishi, mwaka mzima wa kuandika bila kuamka alfajiri kuendesha basi. Kamati ya posho hutaka orodha ya vitabu unavyokusudia kuandika. Kolbeinn aliijaza baada ya zamu ya muda wa saa kumi, macho yakijifumba yenyewe. Makaburi, soksi, mengine manne, na la saba: riwaya ya mwanamke aliyeandika hali ya hewa tu. Siku chache baadaye alihojiwa redioni katika kipindi cha waandishi, akaulizwa ataandika nini. La saba likamtoka kwanza.

Salvör alilisikia akiwa chumba cha walimu, kikombe mkononi. Alitoka uwanjani bila koti akapiga simu.

"Kolbeinn, umemtangaza bibi yangu redioni."

"Sikutaja jina, mpenzi wangu."

"Hata yeye hakutaja jina! Ndicho kitabu changu hicho. Ndicho kilichonikaa tumboni."

"Mbona hukusema? Na sheria yetu..."

"Sheria ilikuwa ya soksi, Kolbeinn!"

Akakata. Tangu siku hiyo alihamia bwawa la upande wa pili wa mji, ambako maji hayachemki vizuri na watu hawacheki. Kolbeinn alimpigia simu Novemba yote, Salvör akaiacha ilie. Krismasi alizawadiwa vitabu vitatu, hakufungua hata kimoja. Alikuwa na hamu na Kolbeinn, na alikuwa amechoka mno hata kujidanganya kwamba hana.

Januari orodha ya waliopata posho ikatoka gazetini. Salvör aliisoma kwa kidole kutoka juu hadi chini, akarudia. Akapiga simu.

"Nimetafuta jina lako ili nikukasirikie vizuri. Silioni."

"Halimo," sauti ya Kolbeinn ilikuwa nzito, injini ya basi ikinguruma nyuma yake. "Siku ile ile uliyonikatia simu niliwaandikia wafute la saba. Wakasema ombi halibadilishwi baada ya tarehe ya mwisho. Nikaliondoa lote."

"Lote? Mwaka wako mzima?"

"Ningekaa mwaka mzima namwandika bibi yako huku wewe hunisemeshi? Ningeandika nini?"

Salvör aliketi. "Ungenitumia hata ujumbe."

"Nilitaka nikwambie kwa mdomo. Jumamosi nipo. Kila Jumamosi nilikuwepo. Ngoja, abiria anapanda."

Jumamosi alikwenda. Kofia ya manjano ilikuwa pale pale, kando yake nafasi iliyokuwa ikigombewa na watu wawili.

"Hapa pana mtu," Kolbeinn aliwaambia. "Alichelewa tu."

Salvör akaingia, magoti yakagusana. Hawakuombana radhi mbele za watu. Kolbeinn alifuta mvuke usoni.

"Nina wazo. Mwanamume na mwanamke wanaishi nyumba moja. Mwanamke anaandika kitabu cha bibi yake hadi mwisho. Mwanamume anaendesha basi, jioni anapika."

"Anapika nini?"

"Samaki wa kuchemsha na viazi."

"Kila siku? Maskini mwanamke."

"Jumatano supu ya kondoo."

"Kisa au kweli?"

"Mwalimu ni wewe. Sahihisha."

Salvör alitoka majini, akaoga, akavaa sweta yake nene ya kijivu. Kolbeinn alimkuta ukumbini penye kahawa, akiamini amekataliwa. Salvör alichomoa penseli, nywele zikamwangukia mabegani. Akavuta karatasi ya kufutia mikono, akaandika polepole, akaisogeza mezani.

Jumamosi. Upepo wa kaskazini, nyuzi mbili chini ya sifuri, kumetulia mchana. Kolbeinn anahamia leo.

Kolbeinn aliisoma mara mbili. "Bibi yako hakuandika majina ya watu."

"Najua," Salvör alisema. "Vaa kofia, twende. Kichwa chako kimelowa."