Dhoruba Isiyo na Jicho

Kila asubuhi Mama Cherehani alifungua mlango, akafagia vipande vya nguo, akakaa kushona. Mumewe alishafariki. Mwanawe alikuwa mji wa mbali. Nyumba nzima ilikuwa na sauti moja tu, ya cherehani.

Siku moja simu ikatoa mlio. Ilikuwa picha ya kitu cheupe kilichojipinda, chenye mikono miwili. Chini iliandikwa: "Dhoruba kubwa inakuja kesho! Hameni! Watumie wote unaowapenda!"

Mama akamtumia mwanawe, kisha wateja wote. Mwana hakujibu. Ilikuwa miezi minne sasa, hajibu.

Akafunga nguo kwenye shuka. Akajaribu kuinua cherehani, ikamshinda. Akakaa sakafuni, ameshika gurudumu lake kama mkono wa mtu.

"Hodi! Sketi yangu tayari?" Alikuwa jirani, mfanyakazi wa kituo cha hali ya hewa. "He! Unahama bila kuaga?"

"Kesho tunapeperushwa, wewe unauliza sketi!"

Mama akamwonyesha simu. Jirani akaitazama picha, akacheka. Alipoliona lile furushi, akaacha.

"Dada, dhoruba ndiyo kazi yangu. Dhoruba kali ukiitazama kutoka juu, mara nyingi ina jicho katikati, kama tundu. Hii ina nini?"

"Mstari ulionyooka, kama komeo la mlango."

"Ehee! Hii ni galaksi, mkusanyiko wa mabilioni ya nyota. Komeo ni nyota, mikono ni nyota. Hata galaksi yetu ina komeo."

"Itatuangukia lini?"

"Wapi! Iko mbali mno. Mwanga wake umesafiri mamilioni ya miaka kutufikia."

"Njia yote hiyo, peke yake?"

"Peke yake. Na picha kakutumia nani?"

"Simjui."

"Basi usisambaze kitisho usichojua kilikotoka. Uliza kituoni kwanza. Namba yetu hii."

Mama akainama. "Nikiacha kumtumia mwanangu vitisho hivi, nitamwandikia nini? Ndiyo salamu yangu ya kila siku."

"Kila siku? Dada, huenda amechoka kutishwa."

Mama akafungua furushi. Akawaandikia wateja: "Samahani, si dhoruba." Walimtania wakachoka. Kwa mwanawe akaandika polepole: "Ile picha ni galaksi. Iko mbali sana. Mimi nipo, nashona."

Siku mbili, kimya. Hakutuma kitisho kingine. Siku ya tatu alikuwa akipinda sketi ya jirani, simu ikaita.

"Mama? Unashona nini?"

Mama akasimamisha cherehani, amsikie vizuri.