Ganda la Mwisho la Mkate

"Mwalimu, wewe si unafundisha Kiingereza? Hebu nithibitishie kitu," msusi wangu aliniambia huku akinivuta nywele.

Nilikuwa nimesukwa nusu kichwa. Kesho yake mchumba wangu alikuwa anakuja kujitambulisha nyumbani, na mama alishabadilisha mapazia.

"Kitu gani, dada?"

"Mpenzi wangu kanitumia meseji. Yule mwanaume ana akili, wacha tu. Sikiliza."

Akajifuta mafuta mikononi, akasoma taratibu:

"'Neno companion, yaani mwenzi, limetoka kwenye Kilatini. Com ni pamoja, panis ni mkate. Mwenzi ni yule unayekula naye mkate mmoja. Ganda la mwisho nitakuachia wewe, najua unavyolipenda.' Ni kweli?"

"Ni kweli," nilisema kwa shida.

"Ila kwenye ganda kachemsha. Mimi ganda hata silipendi. Lakini nililia, nakwambia."

Anayependa ganda ni mchumba wangu. Meseji ile niliiandika mimi, nikimtumia yeye, baada ya kupekua kamusi asubuhi nzima hadi chai ikapoa. Moyo wangu wote ulikuwa mle ndani. Yeye akaunakili tu na kuutuma kwingine.

"Anafanya kazi gani huyo?"

"Fundi simu."

Kazi ileile ya mchumba wangu. Nikampigia, nikaweka sauti ya nje.

"Mpenzi," aliitikia, "nywele tayari? Kesho usiniangushe kwa mama."

Chanuo likamponyoka msusi. Aliijua sauti ile.

"Niko kwa msusi wangu," nikasema. "Anauliza kwa nini umemwachia ganda asilolipenda."

Akasema, "Naweza kueleza."

"Eleza. Tunakusikiliza wote wawili."

Akakata simu.

Msusi akajibwaga kwenye benchi.

"Sikujua, mwalimu. Haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua."

Nililia bila kujificha, nusu kichwa kimesukwa, nusu kiko timutimu. Naye akalia. Meseji ya mama ikaingia: "Mwanangu, mwambie mkwe asichelewe."

Nikaisoma mara mbili. Nitamwambia nini mama?

Msusi alipenga kamasi, akasimama nyuma yangu.

"Nikumalizie?"

"Fumua."

"Zote?"

"Zote, dada."

Akaanza na msuko wa kwanza, taratibu, asije akaniumiza.