Mgongo wa Aoko

Jumapili ile soko la Kibuye lilikuwa limemwagika hadi barabarani. Aoko, aliyetoka kanisani na gauni lake la bluu, alikuwa akikung'uta makoti ya mitumba aliyokuwa akiuza kijana mmoja aliposimama mbele yake.

"Natafuta nguo nyeusi ya mjane."

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Ni ya filamu ya Mzee Zadock."

Jina hilo lilijulikana mjini. Magazeti yalimsifu mwelekezi huyo kwa filamu zake za polepole, zilizojaa ishara. Kijana aliitwa Kahiga, msaidizi wake, Mkikuyu aliyejua neno moja tu la Kijaluo: jaber, mrembo. Alilitumia vizuri. Wiki haikuisha, Aoko akawa amempenda, na akawa ndiye atakayelivaa gauni hilo jeusi mbele ya kamera.

"Lakini nitaongea?"

"Utaongea, jaber." Akaapa kwa jina la Mungu, bila woga.

Alisimamishwa ziwani kutwa nzima, maji kiunoni, beseni kichwani, kamera nyuma yake. Akaugua homa. Filamu ilipotoka, watu waliutazama mgongo wake mpaka wakapiga miayo na kuificha kwa viganja. Uso haukuonekana, wala neno halikusikika. Ilipokwisha, wote wakasimama kupiga makofi.

Aoko akampigia simu.

"Kahiga, uso wangu uko wapi?"

"Wewe ni ishara, mpenzi. Watu wa mitumba hamwezi kuelewa mambo haya."

Aoko akakata simu. Simu za Kahiga hakuzipokea tena. Kila usiku alimwomba Mungu amwondolee hasira, haikuondoka. Kahiga akatuma salamu kwa kila mtu sokoni kwamba anataka kumwoa. Mwishowe Aoko akamjibu: "Niulize mbele ya Mzee Zadock, siku ya sherehe ya filamu yake."

Siku hiyo ukumbi ulijaa. Kahiga, ndani ya suti ya kijivu, akapiga goti na kutoa pete. Akina mama wakapiga vigelegele.

Aoko akageuka, akampa mgongo, akanyamaza.

Vigelegele vikafa. Mtu akakohoa. Bwana mmoja wa miwani akamnong'oneza jirani yake, "Hii ina maana nzito sana."

Mzee Zadock ndiye aliyechoka kwanza. "Mama, jibu basi. Watu wana kazi."

"Pole, Mzee. Nilidhani ndivyo unavyopenda."

Kicheko kilianzia viti vya nyuma kikafika mbele.

"Jaber," Kahiga akasema kutoka pale chini, "hata mimi hulala. Sijawahi kumaliza filamu yake hata moja."

"Kesho usije kazini," Mzee Zadock akamwambia, akachukua kofia yake, akatoka.

Hapo ndipo Aoko alipogeuka. Akamtazama Kahiga, jasho limelowesha kola. Bado alimpenda, na hilo lilimuudhi.

"Inuka. Pete weka mfukoni. Jumamosi tunaenda Ahero kwa mama yangu, na yeye pia ni mtu wa mitumba. Yale maneno uliyoniambia kwenye simu utamwambia wewe mwenyewe."

"Na akikasirika?"

"Hatakasirika. Atakunyamazia tu."